Umeme Unaoua Gari Hutoka Ndani ya Gari Lenyewe

Spana namba kumi inatosha kuua kompyuta ya gari. Kuanzia Embu mjini hadi Maua, wapo mafundi wa jua kali ambao bado hupima alteneta kwa njia waliyoikuta kwa waliowafundisha kazi: injini ikinguruma, wanalegeza kibano cha hasi, wanakiinua kutoka kwenye betri, kisha wanategea sikio. Injini ikiendelea kunguruma, alteneta ni nzima. Ikizima, alteneta imekufa. Enzi za Peugeot 504 zilizosafirisha abiria katika barabara za Mlima Kenya, jaribio hilo halikuwa na madhara makubwa kwa sababu hakukuwa na kompyuta ya kuungua. Kwa Probox, Fielder, Forester au Hiace ya leo, kufanya hivyo ni kucheza kamari na mali ya mwenye gari.

Kinachotokea ni hiki. Alteneta inapochaji betri kwa nguvu, haiwezi kujizuia papo hapo. Kibano kikitoka ghafla, mkondo uliokuwa ukiingia kwenye betri unakosa njia, na volti ndani ya nyaya zinapaa. Kiwango cha kimataifa cha kujaribu vifaa vya umeme vya magari, ISO 16750-2, hukadiria kwamba katika gari la volti 12 lisilo na kizuizi chochote, mruko huo hufika kati ya volti 79 na 101 na unaweza kudumu hadi milisekunde 400. Kwa binadamu hapo ni kufumba na kufumbua jicho. Kwa kipande cha elektroniki kilichozoea volti 14, huo ni muda wa kutosha kufa.

Alteneta nyingi za kisasa zina dayodi maalumu zinazobana mruko huo usipite volti 35 hivi. Ulinzi huo upo, lakini si wa kuutegemea kwa macho yaliyofumbwa. Alteneta ikifunguliwa na dayodi zake kubadilishwa kwa za kawaida, itachaji vizuri tu kila siku, na mwenye gari hatajua kwamba kizuizi kimeondoka hadi siku kibano kitakapotoka.

Nyumba nyingi za Meru na Embu zina kifaa cha kulinda runinga na friji, kwa sababu watu wanajua stima ikikatika hurudi kwa kishindo. Gari lililoegeshwa nje ya nyumba hiyo hiyo lina kompyuta ya injini, ya giaboksi, ya breki na ya mifuko ya hewa, na hakuna anayelifikiria hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba adui wa gari hatoki kwenye nguzo barabarani. Anatoka kwenye alteneta yake mwenyewe, kwenye koili za rilei zake, kwenye kibano kilicholegea, na kwenye mikono ya watu wanaolihudumia. Ndiyo maana kinga yake ni rahisi na bei yake ni ndogo, ili mradi kazi ifanywe kwa utaratibu.

Anza na multimita, ile ndogo ya kawaida inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Iweke kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Asubuhi kabla hujawasha gari, betri nzima husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.0, ama betri imechoka ama kuna kitu kinachoinyonya usiku. Washa injini, washa na taa kubwa: sasa isome kati ya 13.8 na 14.5. Chini ya 13 kwa muda mrefu, alteneta haichaji, ingawa magari mapya ambayo kompyuta ndiyo inayoongoza alteneta hushusha volti kwa makusudi kwa vipindi ili kupunguza matumizi ya mafuta. Zaidi ya 15, zima gari utafute fundi siku hiyo hiyo, maana regyuleta imekufa. Gari lenye tatizo hilo hujitambulisha: balbu zinaungua kila wiki, maji ya betri yanakauka, na chini ya boneti kuna harufu ya yai viza. Kisha badili multimita iende AC ukiwa palepale kwenye betri na injini ikinguruma. Ikisoma zaidi ya nusu volti, dayodi moja au zaidi za alteneta zimekufa na umeme mchafu unaingia kwenye kompyuta. Hapo alteneta imekwisha kupimwa, na hakuna kibano kilichoguswa.

Kibano kinaweza kutoka hata bila mkono wa fundi. Barabara za vumbi za Mbeere hutikisa gari hadi boliti zake za ndani, na kibano kilicholegea hugusa na kuachia betri kwa kila bonde. Kila kuachia ni mruko mdogo. Shika kila kibano kwa mkono, injini ikiwa imezimwa, ujaribu kukizungusha. Kikizunguka, hapo umepata kazi ya kwanza kuliko zote zinazofuata katika makala haya. Toa hasi kwanza, kisha chanya. Osha ule unga mweupe au wa kijani kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi, sugua hadi risasi ing'ae, kausha, rudisha chanya kwanza na hasi mwisho, kaza, halafu paka grisi juu. Kibano kikiwa kimepanuka kiasi cha kutokaza tena, kinunue kipya. Kipande cha bati au msumari unaopigiliwa katikati hushika kwa wiki moja tu. Hakikisha pia kwamba betri yenyewe imefungwa kwenye kitako chake, kwa sababu betri inayorukaruka huvilegeza vibano hata viwe vipya.

Waya wa hasi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye injini na kwenye bodi, ule ambao mafundi huuita athi, hauzungumzwi sana, na ndio chanzo cha hitilafu nyingi zinazotupiwa kompyuta. Kwenye miteremko ya Mlima Kenya mvua hunyesha misimu miwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na kutu hujipenyeza chini ya boliti ya athi bila kuonekana kwa juu. Pima hivi: injini ikinguruma na taa zikiwa zimewaka, gusisha ncha moja ya multimita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, kisha kwenye bodi. Isipite volti 0.2. Ikipita, fungua boliti, piga msasa hadi chuma kitokee, funga tena. Kazi ya robo saa hiyo imewahi kuokoa magari mengi yaliyokuwa yakiambiwa yabadilishiwe kompyuta.

Sasa twende Nyambene. Pikapu za miraa zinazoteremka kutoka Maua, Laare na Kangeta haziwezi kusubiri, kwa sababu miraa ikipita siku mbili hivi imeanza kupoteza nguvu na bei yake. Zinakimbia kwenye ukungu na mvua, na madereva wake wengi wameongeza spotlaiti mbele. Vivyo hivyo Probox zinazobeba muguka kutoka Embu. Fungua boneti ya pikapu ya aina hiyo uangalie nyaya za spotlaiti: mara nyingi utakuta waya mwembamba unaotoka moja kwa moja kwenye chanya ya betri, unapenya kwenye tundu la ukuta wa injini lisilo na mpira wa kuukinga, unafika kwenye swichi ndogo iliyobandikwa kwenye dashibodi, kisha unarudi mbele hadi kwenye taa. Hakuna fyuzi. Hakuna rilei. Viungo vimesokotwa na kufungwa tepu, na tepu imeanza kufunguka kwa joto.

Tupige hesabu. Spotlaiti mbili za wati 100 kila moja zinavuta karibu ampea 17. Waya wa milimita 1 ya mraba ukizunguka mita 5 hivyo, unapoteza karibu volti moja na nusu njiani. Taa ya halojeni ikipungukiwa na volti kiasi hicho hupoteza karibu theluthi ya mwanga wake, kwa hiyo dereva amelipia wati 200 na hazioni zote. Na zile volti zilizopotea hazikwenda mbinguni: zimegeuka kuwa wati 25 za joto kwenye waya huo, unaopita nyuma ya dashibodi, karibu na sufi na plastiki. Swichi yenyewe mara nyingi haikuundwa kubeba hata ampea 10. Itayeyuka, na ikianza kuyeyuka itakuwa ikishika na kuachia, kila cheche moja ikirusha mruko wake kwenye nyaya za jirani.

Rilei inaondoa yote hayo. Ndani yake kuna koili ndogo inayovuta chini ya robo ampea, na koili hiyo ndiyo inayovuta mguso mkubwa wa kupitisha ampea 30 au 40. Swichi inaendesha koili tu. Umeme mzito unatoka kwenye betri hadi kwenye taa kwa njia fupi, bila kuingia ndani ya gari. Waya wa milimita 4 za mraba wenye urefu wa mita 2 ukibeba ampea zile zile 17 unapoteza sehemu moja na nusu tu ya kumi ya volti.

Miguu ya rilei ina namba, na kwa rilei nyingi namba hizo ni zile zile kwa sababu zinatoka kwenye kiwango cha Ujerumani, DIN 72552. Mguu wa 30 unapokea chanya kutoka kwenye betri. Fyuzi ikae kabla yake, isiwe mbali na betri zaidi ya sentimita 30, kwa sababu waya wote ulio kati ya betri na fyuzi hauna mlinzi. Kwa taa hizi mbili, fyuzi ni ya ampea 25, ile isiyo na rangi. Mguu wa 87 unakwenda kwenye taa. Mguu wa 86 unapokea chanya ya swichi, na 85 unakwenda kwenye athi. Ukiona mguu wa 87a katikati, uache mtupu: huo hutoa umeme rilei ikiwa imelala, na ukiunganisha taa hapo zitawaka usiku kucha.

Hapa pana mtego unaowashinda hata mafundi wazoefu. Toyota nyingi za zamani kutoka Japani, zikiwemo Hilux na Land Cruiser, hukata taa kubwa kwa upande wa hasi. Chanya ipo kwenye taa muda wote, na swichi ndiyo inayoleta hasi. Fundi akichukua waya wa taa kubwa akidhani ni chanya, rilei itabisha au haitashika kabisa, naye ataanza kukata nyaya nyingine. Pima kwanza kwa multimita kwenye soketi ya taa, swichi ikiwa imezimwa kisha imewashwa. Kama gari linakata hasi, 86 inakwenda kwenye chanya ya kudumu yenye fyuzi ndogo, na 85 inakwenda kwenye ule waya wa swichi.

Rilei peke yake, hata hivyo, haizuii mruko wa volti. Nayo hutengeneza wa kwake. Koili inapokatiwa umeme, sumaku yake huporomoka na kurusha mamia ya volti kinyumenyume kwenye waya wa swichi. Kama mwisho wa waya huo ni swichi ya chuma, kutatokea cheche ndogo na mambo yaishe. Kama mwisho wake ni kisanduku cha alamu, traka au kompyuta ya gari, inayoungua ni transista. Vifaa hivyo vingi vinaendesha rilei kwa tundu dogo la miliampea 200, na ndiyo sababu alamu nyingine hufa miezi michache baada ya kufungwa rilei ya kukata pampu ya mafuta bila kinga.

Kinga ni dayodi moja, 1N4007, ya ampea 1 na volti 1,000, ambayo bei yake haifiki ya soda. Inaunganishwa sambamba na koili: upande wenye mstari mweupe unakwenda 86, kwenye chanya, na upande wa pili unakwenda 85. Ikigeuzwa, itapitisha umeme moja kwa moja na kuunguza fyuzi, au kuungua yenyewe kama fyuzi haipo. Wako wanaouza rilei zenye dayodi tayari ndani, mchoro wake ukiwa umechorwa ubavuni. Hizo ni nzuri mradi 86 na 85 zisipishane. Nyingine zina rezista badala ya dayodi. Hizo hazijali upande, ila hupunguza mruko tu bila kuumaliza. Kwa mtu anayenunua bila fundi karibu, ile ya rezista ni salama zaidi kuliko kukosea dayodi.

Rilei ina kazi nyingine ya ulinzi ambayo wengi hawaijui. Stata inapozungusha injini, volti za gari zima hushuka hadi 10 au 9, kisha hupanda ghafla injini ikishika. Redio, amplifaya na kamera zilizounganishwa moja kwa moja kwenye betri hupitia msukosuko huo kila asubuhi. Ziunganishe kupitia rilei inayoamshwa na waya wa ACC, ule unaokatika ufunguo unapofika kwenye stata. Zitalala wakati wa msukosuko na kuamka baadaye. Kwa matatu zenye muziki mkubwa, hili peke yake huongeza umri wa amplifaya. Kwa kifaa cha bei kubwa ambacho lazima kibaki na umeme muda wote, kama traka, fundi wa elektroniki anaweza kuongeza baada ya fyuzi dayodi ya kubana mruko, ya aina ya TVS, iliyoandikwa volti 24 au karibu na hapo. Mruko ukija, dayodi inaumeza, na ukizidi fyuzi inakatika. Traka inabaki.

Betri ikifa barabarani, tuseme kwenye mteremko wa Nithi usiku, msaada wa kwanza kusimama mara nyingi ni lori. Shukuru, kisha uulize lina volti ngapi. Malori mengi ya Isuzu na Fuso yana betri mbili zilizopangwa mfululizo kutoa volti 24. Jampa za lori hilo zikigusa gari dogo, kila kompyuta imepata mara mbili ya haki yake, na haitakuwa milisekunde: itakuwa dakika nzima. Ni afadhali kusubiri gari dogo lingine.

Likipatikana, zima vyote. Jampa nyekundu iguse chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima. Nyeusi iguse hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho ifungwe kwenye chuma cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri, kwa sababu betri hutoa haidrojeni na cheche moja yaweza kuilipua. Gari likishawaka, usikimbilie kuchomoa. Kwanza washa taa kubwa na feni ya hewa kwa kasi ya juu, ili mruko wa kuchomoa upate pa kumezwa. Kisha chomoa kwa kurudi nyuma, ukianza na ile nyeusi ya mwisho.

Kuchomelea ni hatari nyingine ya karibu sana na watu wa huku. Pikapu za mizigo huchomelewa keria, vizimba na bampa kila leo, na mashine ya kuchomelea hutafuta njia ya kurudi kwa athi. Kama klampu yake imeshikizwa upande wa pili wa gari, mkondo wa zaidi ya ampea 100 utapita kwenye bodi, na sehemu yake itapita kwenye athi za kompyuta. Kabla ya cheche ya kwanza, toa vibano vyote viwili vya betri, na mwambie mchomeleaji aweke klampu karibu na anapochomelea, kwenye chuma kilichopigwa msasa. Andika kwanza namba ya siri ya redio kama inayo.

Kuhusu fyuzi, neno ni moja. Nyekundu ni ampea 10, buluu 15, njano 20, kijani 30. Ikikatika, weka ya rangi ile ile. Karatasi ya sigara na kipande cha waya hugeuza waya wa gari kuwa fyuzi, na waya huo unapita chini ya zulia. Viungo vibanwe kwa koleo la kubania au vichomewe risasi, kisha vifunikwe kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Tepu peke yake haistahimili joto la injini.

Kazi ya taa, honi na redio mwenye gari mwenye subira anaweza kuifanya mwenyewe. Zaidi ya hapo, tafuta fundi wa umeme wa magari, ambaye si lazima awe ndiye fundi wako wa injini. NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, hutoa mtihani wa daraja kwa ufundi huo, na kumwomba mtu cheti chake si kumdharau. Mkatalie anayetafuta umeme kwa kuchoma nyaya kwa taa ya majaribio yenye balbu, kwa sababu balbu hiyo inavuta mkondo ambao matundu ya kompyuta hayakuundwa kuubeba.

Na kuna rangi mbili ambazo wewe na fundi wa kawaida msiziguse. Nyaya zenye ala ya manjano ni za mifuko ya hewa: umeme kidogo tu uliopotea njia unaweza kuulipua mfuko usoni mwa mtu. Nyaya nene za rangi ya machungwa kwenye magari ya mseto kama Toyota Aqua na Prius ni za betri kubwa, ambayo kwenye Aqua za kizazi cha kwanza ina volti 144 na kwenye Prius za miaka mingi ina zaidi ya 200, na mashine ya ndani huzipandisha zaidi ya hapo. Hizo haziunguzi kompyuta peke yake. Zinaua mtu.